Miwani Iliyompa Mwalimu Wilfried Cheo

Mwalimu Wilfried alikuwa haoni vizuri, na mji mzima wa Baraka ulijua. Yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba hakuna anayejua. Mtu aliyesimama ng'ambo ya njia, kwake alikuwa kivuli chenye miguu. Ubaoni, maandishi ya mkono wake mwenyewe yalimpotea akirudi nyuma kidogo tu. Lakini neno "sioni" halikuwahi kumtoka kinywani. Aliliona ni neno la vizee, si la mtu aliyemaliza shule ya ualimu na anayevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa la kukaanga dagaa.

Kwa hiyo akajitungia ujanja. Njiani alikuwa wa kwanza kusalimia, kwa sauti ya kuamsha mtaa, ili mtu aitikie naye amjue kwa sauti. Watu wakamsifu kwa adabu. Siku moja alimsalimia hivyo mbuzi wa jirani aliyepanda juu ya rundo la matofali, akamuuliza na habari za nyumbani, na alipoona hajibiwi akaenda zake amenuna, akilalamika kwamba vita vimewaharibia watu malezi. Kanisani, zamu yake ya kusoma Neno ikikaribia, mkewe Aline alimsomea sura nzima wiki nzima mpaka akaikariri. Basi Jumapili akasimama, akashika Biblia, akaikunjia uso kisomi, akatiririka. Kuna Jumapili aliishika kichwa chini miguu juu, na bado akasoma bila kukosea hata nukta. Mchungaji alisema ni karama.

Mwaka wa tisini na tisa, vita vikiwa vimejikalia mjini kama mgeni asiyeaga, Wilfried akaumwa jino. Jirani yake Nasoro alikuwa na boti iliyovuka ziwa kwenda Kigoma kufuata chumvi na sabuni, akampakia. Jino lilipong'olewa, Nasoro hakumrudisha botini. Alimshika mkono akampeleka kwa fundi wa miwani.

"Jino ilikuwa moja, Mwalimu," Nasoro akamwambia. "Macho iko mbili. Na yenyewe inaumwa tangu zamani."

"Macho yangu haina shida," akajibu Wilfried, akajigonga kwenye mlango wa kioo.

Fundi alikuwa mtu mpole wa makamo. Alimketisha, akamwambia atazame kibao cha herufi. Wilfried alikuwa amemsikiliza kwa makini mteja aliyetangulia, akazitaja herufi zote kwa mpangilio, haraka, kama mwanafunzi wa kwanza darasani. Fundi akamsifu, kisha akamweleza taratibu kwamba kibao kile alikwisha kukigeuza. Nasoro alitoka nje akacheka mpaka akashika ukuta.

Vipimo vilipokwisha, fundi akaweka mbele yake vioo vya aina mbili. "Hivi ni vyeupe, ndani na nje ni vyeupe tu. Hivi vingine vinageuka. Ukitoka juani vinakuwa vyeusi vyenyewe, ukiingia ndani vinarudi vyeupe. Macho hayaungui na jua, na huna haja ya kubeba miwani mbili. Lakini sikufichi, Mwalimu. Kuingia weusi ni upesi, kurudi weupe ni polepole, kwa hiyo ukitoka juani ukaingia ndani utakaa gizani kidogo. Tena kukiwa na baridi vinakolea sana, na joto linavilegeza. Sasa angalia maisha yako. Mtu wa kuingia na kutoka kila mara vinamsumbua."

Katika maneno yote hayo Wilfried alisikia moja tu, kwamba vinageuka vyenyewe. Kwa hesabu yake, mtu mwenye miwani nyeupe amekiri mbele ya watu kwamba haoni. Mwenye miwani nyeusi hajakiri kitu. Huyo anaonekana anakwepa jua, au ana mambo yake makubwa.

"Ngoja kwanza," akasema Nasoro. "Kwetu kule, lineti nyeusi nani anavaa? Ni bakomanda tu na bantu yao ya service, bale ba upelelezi. Chukua ile nyeupe, Mwalimu, ulale muzuri."

"Hii siyo nyeusi. Ni nyeupe yenye kugeuka."

"Na kwa bariere, pale banafunga njia na bunduki, basoda bataingoja igeuke?"

Wilfried alimtazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtoto aliyeshindwa kugawanya, akachukua ile inayogeuka.

Jambo la kwanza aliloliona aliporudi nyumbani lilikuwa uso wa Aline. Hakujua kwamba mkewe amekonda vile. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza, na kichwani mvi zilikuwa zimeanza, na vyote hivyo vilitokea mbele ya macho yake bila yeye kujua. Alisikia uchungu wa kweli moyoni. Siku hiyo, kwa saa chache, Mwalimu Wilfried alikuwa mtu mwenye akili.

Kisha maisha ya kila siku yakaanza. Shuleni, baada ya mapumziko, alitoka kwenye jua la uwanja akaingia darasa la udongo lenye dirisha dogo, na giza likamfunika. Alisimama mbele ya ubao amevimbisha kifua, akingoja dunia irudi. Watoto wa mwaka wa tano waligundua jambo hilo siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa na ratiba. Katika giza la Mwalimu walikula karanga, walibadilishana viti, na mmoja alitoka kwa dirisha akaenda kuoga ziwani. Vioo vilipong'aa tena, Wilfried alikuta darasa limetulia tuli, akaandika kwa mudirekta wa shule kwamba nidhamu imepanda.

Msibani ikawa mbaya zaidi. Kwetu mtu akizikwa, waliosimama kaburini wanatazamana macho. Ndugu wa marehemu wanajua nani amelia na nani amekuja kula. Wilfried alisimama juani na vioo vyeusi tititi, na minong'ono ikaanza: yule anaficha nini? Akavua miwani ili machozi yake yaonekane, akasogea mbele ili yaonekane vizuri, na kama mjomba wa marehemu hangemdaka shati lake la mikono mirefu, wangezikwa wawili.

"Baba Arlette," Aline akamwambia jioni ile akimfuta udongo, "hii lineti iko na kichwa yake. We unataka nyeupe, yenyewe inataka nyeusi. Muntu ataishi na kitu ya vile? Rudisha kwa Nasoro, akubadilishie."

Na Wilfried, jamani, alikuwa karibu kukubali. Tayari alikuwa ameikunja miwani kwenye kitambaa. Ila kesho yake alikuwa na safari ya Nundu.

Nje ya mji, njia ilifungwa kwa kamba kati ya miti miwili, na penye kamba paliketi askari wa wale waliokuwa wameushika mji. Hiyo ndiyo bariere. Hapo mama alipunguziwa unga, mvuvi alipunguziwa samaki, na asiye na kitu alipunguziwa heshima. Wilfried alifika asubuhi, ubaridi wa ziwa bado uko hewani na jua limeshapanda, na vioo vikakolea kuliko siku zote. Askari aliyekuwa akikagua kikapu cha mwanamke mmoja aliinua kichwa, akaona mtu wa shati la mikono mirefu na miwani nyeusi, anayetembea bila kutazama pembeni. Askari akaacha kikapu. Akasimama wima. Akapiga saluti.

"Pita, shefu."

Roho ilimruka Wilfried, lakini miguu iliendelea. Mwanamke wa kikapu, aliyekuwa na akili kuliko wote pale, akamfuata nyuma akisema, "Niko na yeye." Wakapita wote wawili.

Tangu siku hiyo habari ya kubadilisha miwani haikusikika tena. Wilfried alianza kutembea polepole. Alianza kujibu salamu kwa kidole. Alikwenda bariere hata siku asizo na safari, asubuhi, wakati vioo vimekolea, kupigiwa saluti tu na kurudi. Akina mama wa soko walimwomba awavushe, naye aliwavusha, mstari mrefu wa vikapu nyuma yake, yeye mbele ameinua kidevu. Akawa shefu juani na mwalimu kivulini, na akaanza kukichukia kivuli.

Jambo moja hakuliona, na hapo miwani haikumsaidia. Alipokaribia, wanaume waliokuwa wakiongea walinyamaza. Mtu anayepigiwa saluti na wale wa bariere, watu walisema, hapigiwi bure. Mdogo wake Eddy, fundi wa kushona nyavu, kijana mwenye mdomo usiokuwa na mlango, ndiye pekee aliyemwambia usoni, akimwita yaya, kama kwetu mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

"Yaya, bantu banasema uko unauza majina yetu."

"Banaona wivu."

"Banaona woga. Toa hiyo makitu kwa macho. We ni kipofu wa kawaida, siyo komanda."

Wilfried alikasirika mno. Alimwambia Eddy asikanyage kwake tena, na Eddy hakukanyaga.

Wiki ile ile, alfajiri moja, askari waliwakamata vijana kwenye njia ya Nundu ili wawabebeshe mizigo kwenda milimani. Waliobebeshwa mizigo ya milimani wakati ule, wachache walirudi. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa Eddy. Walifungiwa katika depo, ghala la zamani la pamba nyuma ya bariere, na ilisemekana wangeondoka siku hiyo hiyo kabla ya jioni.

Mama yao, Félicité, alikuja kwa mwanawe mkubwa hajafunga hata kitambaa kichwani. "Wilfried, bantu bote banasema weye ni mukubwa kwa bale basoda. Sijui kama ni kweli, sitauliza. Kama ni kweli, Mungu atakusamehe. Endaka uniletee mutoto wangu."

Hapo ndipo Wilfried angeweza kusema ukweli, kwamba cheo chake kilikuwa cha vioo tu. Badala yake akapiga pasi shati.

Aliondoka asubuhi ile ile akipitia kando ya ziwa, penye ubaridi, ili vioo vikolee. Askari wa bariere alipiga saluti, askari wa mlango wa depo akampisha, na Wilfried akaingia ofisini kwa komanda. Ilikuwa chumba cha mabati, na kwenye kona sufuria ya maharage ya askari ilichemka juu ya makaa. Joto lilikuwa la kumtoa mtu roho. Yeye mwenyewe hakuona kitu ila giza, akasimama hapo hapo mlangoni. Kutosogea kwake kukaonekana ni ukubwa.

Komanda akainuka. "Karibu, shefu. Kiti hii hapa."

"Niko natafuta kijana mumoja anaitwa Eddy," Wilfried akasema kwa sauti nzito ya kuazima. "Bako namuhitaji."

"Nani bako namuhitaji, shefu?"

Wilfried akaonyesha kidole juu. Juu kulikuwa na mabati na popo mmoja, lakini komanda alikitazama kile kidole kwa heshima.

"Tutamutafuta sasa hivi, shefu. Utakunywa chai?"

Angesema hapana. Angesema twende sasa, kijana aletwe, akatoka naye vioo vikiwa bado vyeusi. Fundi wa Kigoma alikuwa amemwambia waziwazi kuhusu joto. Lakini cheo kilikuwa kitamu, na hakuna komanda aliyewahi kumpa chai. Mtu huyu mjinga akakaa, akakunja nne, akaanza kueleza hali ya usalama kwa Kifaransa.

Maharage yakachemka. Vioo vikalegea. Giza likawa kijivu, na Wilfried akafurahi kwamba sasa anamwona komanda. Hakufikiria kwamba komanda naye anamwona yeye. Nyusi zikajitokeza kwanza, kisha kope, kisha macho madogo mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Papa," akasema komanda, akiweka chini birika kabla chai haijamiminwa, "hii lineti yako inafanya nini?"

"Hapana kitu."

"Inakimbia." Komanda akasogeza uso karibu. "Weye ni nani?"

Wilfried akashusha mguu aliokuwa ameukunja. "Mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa mwaka wa tano."

Askari aliyekoroga maharage aliangua kicheko. Wilfried akainuka kwenye kiti bila kuambiwa, akangoja kofi. Kofi halikuja. Komanda alikuwa amekwisha kumsahau mtu, alikuwa anatazama kitu.

"Vua."

Komanda akaivaa yeye, akatoka mlangoni hadi juani, akasimama mbele ya kioo cha pikipiki. Vioo vikaingia weusi upesi na komanda akatabasamu kama mtoto aliyepewa muwa. "Hii iko ya bakubwa. Mwalimu ataifanya nini? Ubao wake uko tayari mweusi." Kisha akashuka ngazi, na kwa kuwa vioo vile vilikatwa kwa macho ya mwingine, akainua mguu juu sana kama anayevuka gogo, akaukosa udongo, akamwangukia mlinzi kifuani. Askari wote wakatazama mawingu.

"Na mudogo wangu, komanda?" Wilfried akauliza. Alikuwa haoni tena, na sauti ya kuazima ilikuwa imemwisha.

Komanda alikuwa na furaha, akafanya ukarimu. "Bafungulie. Muchague wa kwenu, uende. Mumoja tu."

Mlango wa depo ukafunguliwa, na kwenye ukuta vikapangwa vivuli vyenye miguu. Virefu, vifupi, vyote vya rangi ya vumbi. Wilfried alitembea mbele yao akirudi na kwenda, amekunja uso wa kisomi, kana kwamba anasahihisha daftari. Jasho lilimchuruzika. Akaona anakaribia kunyoosha kidole hivi hivi tu, kwa kivuli chochote, kama alivyosoma Biblia kichwa chini, ili mradi asionekane. Na alijua kabisa atakayekuwa anamwacha nyuma. Aibu ikamshika, halafu hofu ikawa kubwa kuliko aibu.

"Mi sioni," akasema.

Askari wakacheka. Akarudia, kwa nguvu, mbele yao wote. "Sioni! Eddy, sema, uko wapi?"

Kisha ukuta mzima ukalia.

"Yaya, ni miye!"

"Yaya Wilfried, niko hapa!"

"Ni miye Eddy, yaya, usiniache!"

Kila mmoja alikuwa mdogo wake. Sauti zilipandana, nyingine zilikuwa za watoto wa jana tu, na mikono ikamshika shati huku na huku. Wilfried, aliyejua mji mzima kwa sauti, hakuweza kutenga hata moja. Alizunguka akiwa amenyoosha mikono kama mtu aliyeangukiwa na chandarua, akilia, na askari walishika mbavu kwa kucheka.

Mpaka mmoja, chini kabisa ya mstari, akamtukana.

"Kipofu weye! Unazunguka nini kama kuku ya kukatwa kichwa? Niko huku!"

Wilfried akaenda kwenye tusi hilo moja kwa moja, akalishika mkono.

Waliondoka Eddy akiwa mbele, yeye ameshika mkanda wa suruali ya mdogo wake. Nyuma yao makelele yalipungua, mmoja baada ya mwingine akanyamaza, ila mmoja aliendelea hata walipopita kamba. Eddy alimwambia asigeuke. Aligeuka. Aliona weupe wa jua na kitu cheusi kilichokuwa labda depo.

Nyumbani mama Félicité alimkumbatia Eddy mpaka akamsahau mwanawe mwingine mlangoni. Nasoro alikuja kuuliza, kwa kuwa alikuwa na safari ya Kigoma, kama alete tena ile ya kugeuka.

"Nyeupe," akasema Wilfried. "Nyeupe tu, ndani na nje." Halafu akamgeukia mdogo wake. "Bale bengine ni nani?"

Eddy akamtajia: Isidore wa wauza mihogo, Casimir, Jafari wa kule ufukoni, Henri mtoto wa mama Marie, na wengine. Wilfried akaomba apelekwe kwa wazazi wao, siku hiyo hiyo, nyumba kwa nyumba, bila miwani, akiongozwa mkono mchana kweupe mbele ya mji wote. Kwenye nyumba kadhaa hawakumfungulia, kwa sababu bado walimwogopa.

Mama Marie alifungua. Alimsikiliza amesimama, mikono ina unga.

"Henri wangu," akasema, "amekonda? Ulimuona iko na jeraha? Ulimuona muzuri?"

"Sikumuona, mama," Wilfried akajibu. "Mi sioni. Nilimusikia tu."

"Alisema nini?"

"Aliniita yaya."